Tiketi ya barabarani Texas haijifuti yenyewe

Nina hasira na ushauri unaozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: ukiandikiwa tiketi ya barabarani huku Texas, Marekani, ikaushie, itajifuta yenyewe. Kuna kijana wetu, anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alisikiliza maneno hayo. Leseni ilipokwisha muda akaenda kuihuisha, akakataliwa. Mahakama ya manispaa imeweka zuio.

Kwetu Tanzania tumezoea deni kuifuata namba ya gari. Unapata control number, yaani namba ya kulipia serikalini, unalipa kwa simu, yamekwisha. Huku linakufuata wewe mwenyewe. Usipojitokeza mahakamani kufikia tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, leseni yako inaweza kuzuiwa isihuishwe na hati ya kukamatwa ikatolewa. Deni likilala zaidi ya siku 60 linaweza kwenda kwa wakusanya madeni na kuongezwa asilimia 30. Kisha ukikamatwa ukiendesha na leseni ambayo umekataliwa kuihuisha, hilo ni kosa jingine la jinai: mara ya kwanza faini hadi dola 500, ukirudia ni jela hadi siku 180. Na alama za vidole zinazochukuliwa jela zinawafikia watu wa uhamiaji. Wewe ambaye karatasi zako bado zinashughulikiwa, pasome hapo mara mbili.

Sheria yenyewe inaniuma. Hakuna basi la kumfikisha yule kijana kazini usiku, kwa hiyo ukimnyima leseni kwa sababu hana pesa unamnyima kazi ambayo ingemlipia faini. California iliacha mwaka 2017 kuwafungia watu leseni kwa faini wasizolipa. Minnesota, waliko ndugu zetu wengi, imeacha tangu 2022. Texas ilifuta mwaka 2019 tozo za ziada zilizokuwa zikiwaandama madereva, lakini zuio hili la kuhuisha leseni ikaliacha libaki. Wanaoumia ni wanaoishi kwa mshahara wa wiki mbili.

Kijana aliogopa kwenda mahakamani, akiamini atafungwa pingu mlangoni. Nikaenda naye. Karani wa dirishani, mama wa makamo, hakumfokea. Alimuuliza swali ambalo sikulitarajia: "Leo unaweza kulipa kiasi gani?" Akampa fomu ya kueleza kipato chake na watu wanaomtegemea, akampangia kuonana na hakimu. Sikuzoea kuulizwa hivyo na mtu wa serikali, na nilijisikia vizuri kwa niaba yake.

Baadaye nikasoma na kukuta kwamba huo si wema wa yule mama peke yake. Tangu 2017 hakimu wa Texas anapaswa kuuliza kama mtu ana uwezo wa kulipa. Kama hana, anaweza kumpa muda, kumgawia malipo kwa awamu, kumpa kazi za jamii, au kumpunguzia na hata kumfutia. Kwenye kazi za jamii, kila saa 8 zinahesabiwa si chini ya dola 100. Na mtu akienda mwenyewe kwa nia ya kumaliza jambo lake, hati iliyotolewa kwa sababu hakufika inapaswa kuondolewa. Hayo hakuna aliyeyaandika kwenye grupu!

Hakimu alimgawia malipo kwa awamu na kumpa saa za kazi kwenye ghala la chakula cha msaada. Mahakama inaweza kuondoa zuio mtu akishakubaliana nayo namna ya kulipa, bila kungoja dola ya mwisho, na kwake ndivyo ilivyokuwa. Gharama ya kuondoa zuio ni dola 10, na asiye na uwezo anasamehewa.

Unayejiandaa kuja, anwani yako mpya itoe kwa idara ya leseni na kwa mahakama kila unapohama, maana barua hutumwa kwenye anwani waliyonayo, si kwa rafiki uliyefikia kwake. Ukiandikiwa mwendokasi wa kawaida na huna leseni ya malori, omba kozi ya udereva salama kabla ya tarehe ya tiketi. Ni saa 6, inasomwa hata kwenye intaneti, na ukiimaliza kosa linafutwa. Ruhusa hiyo ni mara moja kila miezi 12, na tarehe ikipita bila kuomba, umeipoteza.