Chumvi imeondoka mezani
Tulipoondoa kichupa cha chumvi mezani, baba mkwe, ambaye shinikizo lake la damu limekuwa juu kwa miaka mingi, alilalamika wiki za mwanzo kwamba chakula ni chapwa, kisha akanyamaza, kwa kuwa ulimi huzoea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, na nilipoanza kusoma lebo za vyakula vya pakiti niligundua kuwa sehemu kubwa ya chumvi yetu ilikuwa imekwisha kutiwa kiwandani. Sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ikizidi mwilini huvuta maji kwenye damu, ujazo wake huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hali hiyo ikidumu, mishipa ya ubongo, moyo na figo huweza kuumia kwa miaka pasipo dalili yoyote. Dawa zake baba mkwe anaendelea kumeza kama daktari alivyoagiza (hilo halina mjadala). Kinachonifurahisha zaidi ni watoto: mdogo, akila kwingine, siku hizi ndiye anayeomba maji kwanza na kusema chumvi imezidi.