Wimbo Upi?

Leo Jumatano, na mimi bado niko kwenye Jumapili. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: Baba Neema kapata uhamisho wa Dodoma, Elia kapeleka barua ya posa, upepo umeezua mabati mawili ya jikoni. Lakini nikizima taa usiku, kinachonirudia ni maneno mawili ya Bibi wa fimbo ya mpera. Ni yule aliyewahi kunigombeza kwa kukalia benchi lake kanisani.

Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Nilipewa kuongoza beti zote tatu za wimbo wa kwaya, mimi wa kuitikia tu kule nyuma miaka yote. Wiki tatu nimekunywa tangawizi na asali, soda baridi nimeikataa hata kwenye msiba, na Neema alizishika sol-fa zangu, zile do-re-mi, mpaka akawa anawaimbia kuku. Siku ikafika, kinanda kikaanza, na ile noti ya juu... sijisifu, ila ilipanda.

Baada ya ibada watu wako kwenye mnada, wazee wawili wanapandishiana bei ya mkungu mmoja wa ndizi, hakuna anayetaka kushindwa. Mimi nikamfuata Bibi. Nikajiambia naenda kumsalimia tu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, wimbo wetu wa leo umeuonaje?"

"Wimbo upi?"

Hakuwa na utani usoni. Akainama kumkaza kamba jogoo aliyemnunua.

Wimbo upi! Jumatatu niliamini ananisema. Jana nikasema ni uzee, masikio. (Masikio gani, na bei ya jogoo aliisikia kutoka ng'ambo ya uwanja?) Usiku nikaanza kuwaza kwamba labda ile noti haikupanda, na kwaya nzima wananisitiri.

Mchana huu nachambua mchele, ndipo likanijia nililokuwa nalikwepa. Kwenye ubeti wa pili Bibi alitoka benchini. Fimbo juu, kanga imelegea, anacheza peke yake katikati ya kanisa, makofi yake na kinanda havijuani, na kigelegele kikatua juu ya noti yangu hasa. Nilimwona. Nikasema moyoni: huyu bibi anatuharibia.

Mikali binti Sauli alichungulia dirishani, akamwona Daudi akirukaruka mbele ya sanduku la Bwana, akamdharau moyoni mwake. Habari hiyo nimeisoma tangu Sunday school, na kila mara nilikaa upande wa Daudi. Nani anajiweka dirishani? Mimi hata dirisha sikuwa nalo. Nilikuwa mbele ya madhabahu na sare yangu iliyopigwa pasi, naongoza wimbo wa shukrani, huku namnunia mtu anayeshukuru. Kisha nikamfuata nje anipe sifa! Daudi, mfalme mzima, alimjibu mkewe huyo kwamba atakuwa hafifu zaidi ya hapo.

Nikacheka peke yangu mpaka Neema akaja.

"Mama, nini?"

"Wimbo upi?" nikamuuliza.

Akadhani namchagulisha, akaanzisha ule wa kuku. Tukacheza jikoni, mimi na ungo mkononi, hatufuati kinanda chochote. Mchele nusu uko sakafuni.

Sasa mawingu yanashuka kutoka mlimani, fundi wa bati hapokei simu tangu jana asubuhi, na gunia la unga liko palepale chini ya tundu.