Hiyo Galliano wanayosema hatuijui

Wiki hii kwenye baa ninayofanya kazi hapa Sweden kuna mteja kaniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba Waafrika hatuna historia na vinywaji kama Galliano. Kayasema hayo huku kashika kijiglasi nilichompangia tabaka tatu bila kuvuruga hata moja. Sikumjibu, maana kaunta si mahali pa kusomeshana. Lakini hapa ni kwetu, ngoja niyamwage.

Galliano ni likeri, yaani kileo kikali chenye sukari, ya Kiitaliano ya mitishamba. Ilitengenezwa Livorno mwaka 1896 na Arturo Vaccari, mpika mvinyo mkali wa mji huo wa bandari. Jina alilolitoa si la shamba, si la mke wake, si la mtakatifu. Ni la Giuseppe Galliano, afisa wa jeshi la Italia aliyekuja kwetu Afrika kupigana. Huyu ndiye aliyeishikilia ngome ya Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, majeshi ya Menelik, mfalme wa Ethiopia, yalipoizingira mwisho wa 1895. Wahabeshi hawakuhangaika sana na kuta. Walikamata vyanzo vya maji, mbinu ambayo sifa yake hupewa mkewe, Malkia Taytu, na kiu ikafanya kazi. Januari 1896 Galliano akaruhusiwa kutoka na watu wake pamoja na silaha zao. Wengi wao walikuwa askari wa Kieritrea, yaani hata huo "ushujaa wa Kiitaliano" ulibebwa na mabega meusi. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo akauawa kwenye vita vya Adwa, siku Italia ilipopigwa kipigo ambacho kufikia Oktoba kiliifanya isaini mkataba wa kuitambua Ethiopia kuwa nchi huru.

Kwa hiyo chupa hiyo ya njano ni kumbukumbu ya mtu aliyeshindwa na Waafrika. Historia gani tena mnayoitaka?

Sasa kinywaji chenyewe. Kinachouzwa kama L'Autentico kina kilevi asilimia 42.3, kwa hiyo usidanganywe na utamu: kinaipita Konyagi. Ndani kuna viungo vipatavyo 30, na vinavyojitokeza ni vanila, anisi, anisi nyota, mreteni, mdalasini, lavenda na mnanaa. Pua inapokea vanila kwanza. Ukishameza, anisi inapanda pamoja na ubaridi wa mnanaa, halafu inabaki ladha ya majani makavu ambayo aliyezoea dawa za bibi hataishangaa. Kuna nyingine inaitwa Galliano Vanilla, asilimia 30, tamu zaidi na nyepesi kichwani. Chupa zinafanana sana, ndefu na zenye mifereji kama nguzo ya jengo la Kirumi, na mhudumu mgeni huzichanganya. Soma lebo, usitazame umbo. Halafu hiyo chupa haiingii kwenye rafu ya kawaida, na ikikaa ukingoni kiwiko kimoja tu kinaiangusha. Iweke mwisho wa kaunta upande wa ukutani.

(Vanila tunailima. Waulize watu wa Bundibugyo kule Uganda na wa Kagera wanavyochavusha ua moja moja kwa mkono asubuhi, halafu walinde mapodo usiku yasiibiwe. Bei ya kijiglasi kimoja hapa Sweden siitaji. Mtu wa Sinza atadhani naongopa.)

Waitaliano wenyewe, nikiwa mkweli, wakimaliza kula huwa wanaagiza amaro, likeri zao chungu. Wanaoishabikia Galliano ni watu wa mbali: Wamarekani, Waaustralia, na hawa Waswidi ambao wameifanya iwe kinywaji cha baada ya kuteleza kwenye theluji. Nenda Åre au Sälen, miji ya kuteleza kwenye theluji, majira ya baridi, jioni nzima unatengeneza Hot Shot, kijiglasi cha tabaka tatu: Galliano, kahawa na krimu. Hicho ndicho kitakachokupima ukipata kazi ya baa huku, basi nakieleza vizuri.

Unahitaji kijiglasi cha sentilita 6 kilicho wima, Galliano sentilita 2, kahawa moto sentilita 2, krimu sentilita 2. Kipashe kijiglasi kwa maji ya moto kisha ukikaushe. Kikiwa baridi, kahawa inapoa kabla ya kufika mezani na mteja anakurudishia. Galliano inatangulia. Sukari yake inaifanya iwe nzito kuliko kahawa, ndiyo maana inakaa chini. Kahawa iwe nyeusi, kali, na isiwe na sukari hata chembe, kwa sababu ukiitia sukari unaiongezea uzito na mpaka kati ya tabaka hizo mbili unapotea. Geuza kijiko, mgongo uguse ukuta wa kijiglasi juu kidogo ya Galliano, kisha mimina kahawa taratibu mgongoni mwa kijiko. Ukimimina kwa kasi inatoboa, unapata uji wa kahawia.

Krimu ndiyo inayowashinda wengi. Lazima iwe baridi kutoka kwenye friji na ipigwe kidogo tu, iteremke kama uji mwepesi ukiinamisha bakuli. Isipopigwa inazama kwenye kahawa. Ikipigwa mno inakuwa donge, mteja anainua kijiglasi, donge linamgonga mdomo wa juu na kahawa inamchuruzikia kidevuni. Hiyo ndiyo lawama utakayoipata mara nyingi kuliko zote. Iteremshe kwa kijiko hichohicho, kisha peleka papo hapo. Kinanywewa kwa mkupuo: ubaridi wa krimu, moto wa kahawa, utamu wa Galliano mwishoni. Ukiletewa oda ya vijiglasi kumi kwa pamoja, usimalize kimoja kimoja. Panga vyote, Galliano kwa vyote, kahawa kwa vyote, krimu kwa vyote.

Kuhusu chupa ipi: Vanilla inatulia chini kirahisi kwa sababu kilevi ni kidogo, ila L'Autentico ndiyo isiyomezwa na kahawa. Mimi nachagua hiyo ya pili.

Harvey Wallbanger, ile kokteli iliyovuma Marekani miaka ya 1970, ni rahisi: glasi ndefu yenye barafu, vodka mililita 45, juisi ya machungwa 90, koroga, kisha Galliano 15 juu kabisa. Usikoroge tena. Itazama polepole, lakini pua ya mnywaji itakuwa imeshaipata. Juisi ya pakti yenye sukari inaiua, kamua. Golden Cadillac, kokteli ya baa ya Poor Red's huko California tangu 1952, ni Galliano, likeri nyeupe ya kakao na krimu kwa vipimo sawa, tikisa na barafu kwa nguvu, chuja.

Chupa haihitaji friji. Futa shingo kila usiku kwa kitambaa chenye maji ya moto, la sivyo sukari inagandisha kifuniko na asubuhi mnakifungua kwa koleo.

Na wewe unayeniandikia "nifanyie mpango wa baa Sweden": hakuna kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali hapa, viwango vinatoka kwenye makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Uliza kama sehemu hiyo ina makubaliano, na uliza nyongeza ya jioni na wikendi, wanaiita OB. Bosi akikwambia utalipwa mkononi bila karatasi, ondoka. Mteja aliyelewa wazi ni marufuku kumhudumia, hata akilia, na kosa linaweza kukuangukia wewe uliyemimina. Baa inahudumia kuanzia miaka 18, lakini kwenye duka la serikali, Systembolaget, hawamuuzii aliye chini ya 20, na Jumapili limefungwa. Ukitaka chupa yako ya kufanyia mazoezi ya kijiko nyumbani, nenda Jumamosi mapema. Saa tisa mchana wanafunga.