Kocha niliyemlipa anipunguze mwendo

Mimi ni mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma. Nilianza kukimbia Mei 2024, ziwa lilipofungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, na sisi tunaoishi kwa kupokea mitumbwi alfajiri tukabaki kuangalia maji. Siku ya nne nikachukua raba za mwanangu, nikatoka mbio kuelekea Mwanga. Nilikuwa na miaka 37. Pumzi iliniishia kabla sijafika stesheni, lakini kesho yake nikatoka tena.

Wenzangu pale mwaloni huniuliza kama kuna maana mtu wa kawaida, anayekimbia kwa afya na kwa kupenda tu, kutoa hela yake amlipe kocha. Naeleza yaliyonikuta mimi.

Miezi miwili ya kwanza nilijifundisha mwenyewe. Nilipata kwenye simu mpango wa wiki 12 wa nusu marathoni, kilomita 21, nikaufuata kama mwanafunzi wa darasa la saba anavyofuata ratiba ya mtihani. Mpango uliandika "kimbia polepole" karibu kila siku, na mimi sikujua polepole ni mwendo gani. Nilidhani nisipohema sijafanya kitu. Basi kila asubuhi nilikuwa barabara ya Ujiji, mbio zilezile za kukata roho, nikirudi nyumbani naangalia saa na kufurahi kwamba nimepunguza dakika. Wiki ya saba ugoko wa kushoto ukaanza kuuma kwa ndani. Nikachua kwa dawa, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Wiki ya tisa nilikuwa nashuka ngazi kwa kukaa.

Jirani ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mmoja mstaafu, anayefundisha vijana mbio jioni Uwanja wa Lake Tanganyika. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, saa ya kupimia muda inaning'inia shingoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, vua raba."

Hakuniuliza nakimbia kilomita ngapi. Alishika mguu, akaanza kuubonyeza kwa kidole gumba kutoka chini ya goti kuteremka hadi kifundoni, taratibu, huku macho yake yako usoni kwangu wala si mguuni. "Panauma mahali pamoja, pa upana wa kidole, au panauma mstari mzima?" Nikamwambia mstari mzima. Akapumua. Akanieleza kwamba maumivu yaliyotanda hivyo mara nyingi ni ya mguu uliobebeshwa kuliko uwezo wake, na ukipumzika yanatulia. Yale yanayokaa mahali pamoja, yanayouma hata umelala, hayo ni ya kwenda hospitali ukapigwe picha, kwa sababu mfupa huenda umeanza kuweka ufa. Jambo hilo kwenye simu yangu halikuwepo. Au lilikuwepo, ila simu haina kidole gumba.

Tukakubaliana shilingi elfu 30 kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Wiki tatu za kwanza hazikuwa na mbio kabisa: kutembea, na kunyanyua visigino kwenye ngazi ya nyumba mpaka misuli itetemeke. Niliona hela yangu inapotea. Nilipoanza kukimbia tena, akanifundisha polepole ni nini. Aliniambia nikiwa njiani nitaje kwa sauti vituo vya reli kutoka hapa: Kigoma, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora. Ukifika Tabora bila kukatisha neno, mwendo ni huo. Ukikwamia Nguruka, umezidisha, punguza. Siku ya kwanza nilikwamia Malagarasi, na mimi nilijiona natambaa! Ilibidi nipunguze mpaka watoto wa shule wakanipita na mabegi yao. Akaniambia karibu kilomita nane katika kila kumi ziwe za mwendo huo, na mbio za kuhema ziwe siku moja tu kwa wiki. Mpaka leo naamini hicho ndicho nilichomlipia. Kujikimbiza nilikuwa najua. Kujizuia sikujua.

Agosti ziwa likafunguliwa, nami nikarudi kuamka saa tisa usiku. Mpango wa simu ulitaka mbio ndefu kila Jumapili, lakini mwaloni hakuna Jumapili, kuna giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za mitumbwi hazivuti dagaa, wavuvi wanakaa nyumbani, na sisi tunalala. Mwalimu amezaliwa hapahapa, analijua hilo. Akapanga mazoezi yangu kwa mwezi wa angani: siku za mbalamwezi ndizo za mbio ndefu, Kibirizi mpaka Ujiji chini ya miembe na kurudi, siku za giza nene, ninapobeba ndoo tangu alfajiri, dakika 30 za taratibu au nilale. Baada ya mwezi mmoja mguu ulikuwa umenyamaza.

Siyo kwamba alipatia yote. Alinikataza kunywa maji njiani, akisema yanaleta kichomi. Nilimtii jua la Septemba, nikarudi nyumbani kichwa kinagonga na sioni vizuri. Toka siku hiyo nabeba chupa yangu, na nilimwambia waziwazi kwamba hilo sitalifuata. Kingine, tangu tuanze hakuwahi kuniuliza habari za hedhi, na mimi kumwambia mzee kama yule niliona haya. Novemba, tulipokwisha kumaliza miezi yetu mitatu na nafanya mwenyewe, nikawa nachoka kupita kiasi. Kilima cha kawaida kikawa mlima. Ningekuwa bado na mwalimu angesema pumzika. Nilipofungua daftari langu, ambamo kila siku naandika nimelala saa ngapi, nimekimbia nini na mwili umesemaje, nikaona uchovu unakuja kila baada ya siku zangu, na kila mwezi unazidi. Nikaenda kupima, damu ilikuwa imeshuka. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikaongeza matembele na samaki, na Januari nikarudi nilivyokuwa. Kwa hiyo mtu asidhani kocha anakuona ndani. Ya ndani unayabeba mwenyewe.

Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda uleule, pale mwaloni walisema umeona, kukimbia ni kipaji tu, hela za kocha za nini. Mimi sikukubali. Hata Simbu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, ana kocha. Kwetu tunaokimbia kabla ya kazi swali ni unahitaji jicho la mtu kwa muda gani. Mimi lilinitosha miezi mitatu, na ningelitafuta mwanzoni, kabla ya kuumia.

Moshi nilikwenda mwishoni mwa Februari 2025, nusu marathoni ya Kilimanjaro. Njia inapanda kuelekea Mweka, halafu inageuka na kuteremka. Walinipita wengi kwenye kupanda, nami nataja Uvinza, Malagarasi, Nguruka. Kwenye kuteremka nikawakuta wengine wao wanatembea. Saa 2 na dakika 24. Nililia pale mwisho, na medali niliipeleka mwenyewe kwa mwalimu, akaipima uzito mkononi kama mtu anunuaye dagaa.

Sasa namwita mara moja tu kwa mwezi, kwa elfu 10. Hanipangii chochote, anasimama kando ya barabara na kunitazama. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo. Nimemwomba asimame pale kwenye mteremko wa Mwanga, maana juzi ugoko wa kushoto umenigusa kidogo na nataka aone ninavyokanyaga.