Lithiamu ya braza

Jamani hii lithiamu anayomeza braza wangu kwa ajili ya bipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana), jana nimekaa nikaisoma vizuri nikachoka kabisa, kumbe ni chumvi ya madini tu, ukoo mmoja na sodiamu, na ni daktari wa Australia, John Cade, ndo aliandika 1949 kwamba inawatuliza wagonjwa wa mania, yani wale waliochangamka kupita kiasi. Ikishaingia kwenye seli inabana kimeng'enya kinaitwa GSK-3, inapunguza na inositoli, kemikali ya ndani ya seli, yani inagusa zile meseji zinazopita ndani ya seli za ubongo. Sa nyie wa "huyo karogwa" mnasemaje 😅 Ila haina masihara, ikizidi kwenye damu ni sumu, ndo maana kliniki wanampima damu, na akiharisha mama anamkazania maji balaa, maana maji yakipungua mwilini inapanda kwenye damu.