Bata mzinga wa Krismasi: jaribio la tatu, kidari kimetoka na maji yake

Hatimaye kidari hakikukauka. Ninaandika usiku huu huu, mikono ikiwa bado inanuka moshi, kwa kuwa majaribio mawili yaliyotangulia yaliniaibisha mbele ya mashemeji.

Tatizo lilikuwa moja tangu mwanzo. Kidari cha bata mzinga hakina mafuta ya kukilinda, hivyo huanza kukauka mara joto la ndani linapopita nyuzi 74 za Selsiasi, ilhali paja, lililojaa mishipa, halilainiki mpaka lipite nyuzi 80. Kuku humsamehe mpishi tofauti hiyo; ndege wa kilo sita hasamehi. Katika jaribio la kwanza nilimweka mzima juu ya wavu wa pipa lililokatwa nusu, mkaa ukiwa pande zote mbili na trei ya maji katikati, nikamfunika kwa nusu ya pili. Alikaa motoni kwa saa tatu na nusu, na bado paja lilitoa maji mekundu karibu na mfupa, huku kidari kikichambuka kama usumba wa nazi. Katika jaribio la pili niliulaumu upepo wa kaskazi, nikawa ninamgeuza kila baada ya nusu saa; kila nilipofunua pipa joto lilitoroka, na matokeo yakawa mabaya zaidi.

Kumkaanga mzima nilikataa mapema. Sufuria la namna hiyo hutaka mafuta mengi yaliyofika nyuzi 175, na barafu kidogo tu iliyosahaulika tumboni hutosha kuyafurisha mpaka yamwagikie motoni. Banda letu la uani limeezekwa makuti, kwa hiyo mjadala ulikwisha hapo.

Mpango wa jaribio la tatu ulikuwa shimo, mawe ya moto na majani ya migomba. Majani nilikwisha kuyanunua, lakini hapa Mikocheni, baada ya mvua za vuli, nilichimba futi mbili nikakuta mchanga unavuja maji. Jioni hiyo, nikisubiri kuku wa kuchoma barabarani, nilimtazama mchomaji akimbandika kuku aliyepasuliwa mgongoni, bapa kabisa, juu ya wavu. Shimo nikalisahau palepale.

Mkasi wa jikoni ulipinda kwenye mbavu ya pili. Uti wa mgongo niliuondoa kwa mkasi mpya wa kupogolea maua, ambao sasa ninauthamini kuliko kisu chochote nilicho nacho, kisha nikamlaza chali, kidari juu, na kukandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka mfupa wa kidari ukalia ko! Nilimpaka chumvi gramu 15 kwa kila kilo, akalala kwenye friji bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Asubuhi niliweka mkaa upande mmoja tu, mapaja yakielekea moto na kidari kikiwa mbali nao, na kipande cha bati kikakinga matundu ya pipa dhidi ya kaskazi. Sikufunua kwa saa nzima. Kipima joto cha waya kiliniwezesha kuvumilia. Cha sindano, kinachokulazimisha kufunua ndipo usome, ndicho kilichoniponza mara ya pili, si upepo.

Baada ya saa moja na dakika 50 paja lilisoma nyuzi 84 na kidari 71. Nilimtoa, nikamwacha apumzike kwa nusu saa, na kidari kikapanda chenyewe hadi 74. Kisu kilipopita, maji meupe yalitiririka mpaka ukingoni mwa ubao.

Lililobaki ni umbo. Mama mkwe, aliyekula vipande vitatu, amesema ndege huyo anafanana na chura aliyekanyagwa na daladala, na kwamba Krismasi anataka kumwona mzima kwenye sinia. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba uti wa mgongo umekwisha kuwa supu.