Kilomita 20 kando ya bahari, na upepo wa kusi

Jumapili iliyopita niliendesha baiskeli katika msafara wa hisani hapa Dar es Salaam, kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Coco Beach na kurudi, kilomita 20 hivi, ili kuchangia ununuzi wa baiskeli za miguu mitatu kwa watu wenye ulemavu wa viungo. Kila mshiriki alipewa kadi ya ahadi, na kwa kuwa watu wa mji huu tumezoea kadi za harusi na za kipaimara, sikupata tabu kueleza ninachokitaka. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikaorodhesha majina na kiasi kama kamati za harusi zifanyavyo, na katika wiki tatu zikapatikana shilingi 412,000. Ndani yake imo noti ya shilingi 2,000 ya konda wa daladala ninayoipanda kila asubuhi, ambaye aliniambia kuwa dada yake hutambaa, na ambaye hakutaka jina lake liandikwe.

Tuliondoka saa 12:30 asubuhi, tukaifuata Barabara ya Samora hadi Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu mwaka 1927, kisha tukashuka Posta na kutokea Kivukoni. Siku za kazi sijawahi kuthubutu kupita pale kwa baiskeli. Barabara ikiwa imefungwa na askari wa usalama barabarani, nilisikia sauti ambazo kwa kawaida humezwa na honi: minyororo ikizunguka, wachuuzi wa soko la Feri wakinadi samaki, na mawimbi upande wa kulia tulipoingia Barabara ya Barack Obama na kupita mbele ya Hospitali ya Ocean Road.

Hapo ndipo nilipomfikia mama mmoja, fundi cherehani wa Buguruni, aliyekuwa peke yake juu ya baiskeli ya miguu mitatu. Nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba mwanangu. Kusi linatusukuma sasa, wakati wa kurudi ndipo tutalijua." Niliamua kwenda naye. Baiskeli yake huendeshwa kwa mikono: pedali zimesimama mbele ya kifua, mnyororo unashuka hadi gurudumu la mbele, na mpini huohuo unaozungushwa ndio usukani, kwa hiyo akikata kona hawezi kuuachia, na akizungusha hawezi kupumzisha bega hata moja. Viganja vyake vimeota sugu katika mistari miwili, mmoja wa mpini wa baiskeli na mwingine, aliniambia, wa mpini wa cherehani, kwa sababu anashonea cherehani ya mkono. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu. Nchini kwetu mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio aliripotiwa mwaka 1996, lakini waliougua kabla ya hapo bado wako nasi, wanafanya kazi, wanalea, na wanahitaji kufika sokoni.

Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita 1.03, na tangu lilipofunguliwa mwaka 2022 nimelivuka mara nyingi kwa gari bila kugundua kuwa lina mwinuko. Safari hii niliuona mwinuko huo kwenye mishipa ya shingo ya yule mama. Kabla hatujafika katikati mnyororo wake ukachomoka, na baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Niliruka chini nikaishikilia kiti, na muuza mikate aliyekuja na baiskeli yake ileile ya biashara, aina ya Phoenix, sanduku la mikate likiwa bado kwenye keria, akasimama bila kuitwa. Alitoa spana, akalegeza nati za gurudumu la mbele, akalisogeza gurudumu kidogo mpaka mnyororo ukawa hauchezi, akakaza, kisha akajifuta grisi kwa gazeti na kuendelea na safari yake.

Tulipokuwa tukisubiri nilimuuliza mama kwa nini hatumii njia za waenda kwa miguu zilizo pembeni ya barabara ya mabasi ya mwendokasi. Alinijibu kuwa vile vyuma vilivyochimbiwa ili kuwazuia bodaboda humzuia na yeye, kwani baiskeli yake ni pana kuliko nafasi iliyoachwa, hivyo hulazimika kushuka barabarani na kwenda pamoja na magari. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na fedha tulizochanga zitanunua baiskeli nyingine za upana uleule, zisizoweza kupita hapo.

Wakati wa kurudi, kama alivyosema, kusi lilitupiga usoni. Waandaaji walikuwa wametupanga kwa mwendo, wenye baiskeli za mashindano mbele na baiskeli sita za miguu mitatu nyuma kabisa, na barabara ilifunguliwa tena kwa magari kila mahali gari la wagonjwa la msafara lilipokwisha kupita. Naamini hilo lilikuwa kosa, na nimewaandikia waandaaji kuwaomba mwakani wale sita waondoke kwanza, nusu saa kabla yetu, ili sisi ndio tuwafuate. Tulipofika Daraja la Selander daladala zilikuwa zimekwishatufikia mgongoni.

Mnazi Mmoja tulikuta maji na ndizi, risala zikiwa zimekwisha na turubai likikunjwa. Mama alikunywa maji, akakaa kwa dakika kumi akijisugua mabega, akasema ana gauni la mteja la kumaliza kabla ya jioni. Akashika Barabara ya Uhuru kuelekea nyumbani. Nami nikapanda baiskeli yangu, nikakaa nyuma yake kidogo upande wa magari, tukaenda hivyo mpaka Buguruni.